Namna ya Kuokota Hazina Ukabaki Mtu wa Heshima

Mwaka 2015 ardhi ya Uingereza ilitoa hazina mbili za zama moja. Ya kwanza ilichimbuliwa mwezi Juni karibu na mji wa Leominster, Herefordshire, na wanaume wawili kutoka Wales waliokuwa wakipitisha ditekta ya metali juu ya shamba la watu. Ya pili ilichimbuliwa Oktoba karibu na Watlington, Oxfordshire, na mstaafu mmoja mwenye mashine ya namna hiyohiyo. Zote mbili zilifukiwa mwishoni mwa miaka ya 870, enzi ambayo jeshi la Waviking lilikuwa likihamahama baada ya kupigwa na Mfalme Alfred wa Wessex. Zote zilikuwa na sarafu za fedha za wafalme walewale wawili. Mstaafu alilipwa na jina lake likaingia katika historia ya nchi yake. Wale wawili walikwenda jela.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako unayetaka kuwa kama yule mstaafu. Nimeuandika hata zaidi kwa ajili yako wewe ambaye, ukisoma habari za wale wawili, unajisemea moyoni kwamba wewe usingekamatwa. Ungekamatwa. Na hata usingekamatwa, ungekuwa umeharibu kitu ambacho huwezi kukilipa kwa maisha yako yote. Tuanze na hilo la kukamatwa, maana najua ndilo linalokushughulisha.

Ujanja na hesabu zake

Wachimbaji wa Leominster walitoa ardhini pete ya dhahabu, bangili ya dhahabu, kidani cha tufe la bilauri lililoshikwa kwa dhahabu, mkuo wa fedha, na sarafu zinazokadiriwa kufikia 300. Sheria ya huko, iliyotungwa mwaka 1996, humpa mwokotaji siku 14 za kutoa taarifa. Wao walikwenda makumbusho ya Cardiff wiki kadhaa baadaye wakiwa na vito na sarafu chache mno, wakadai ndiyo mzigo wote. Sarafu zilizobaki zikaanza kutembezwa chini kwa chini kwa madalali.

Sasa tazama akili ya mwizi inavyofanya kazi. Kabla ya kuficha, walipiga picha za hazina kwa simu. Baadaye wakazifuta picha hizo, na polisi wakazirudisha. Sarafu tano zilikutwa zimeshonewa ndani ya kifuko cha ngozi cha kioo cha kukuzia, chombo ambacho mpelelezi yeyote anayechunguza kesi ya sarafu lazima atakishika! Mwaka 2019 mahakama ilimpa mmoja wao miaka 10, mwenzake miaka minane na nusu, na dalali wao miaka mitano. Rufani ilipunguza vifungo vya wale wawili wa mwanzo, lakini baadaye mahakama iliwaamuru walipe zaidi ya pauni 600,000 kila mmoja.

Upande wa mashtaka ulikadiria kwamba hazina nzima ilikuwa na thamani ya kati ya pauni milioni 3 na milioni 12. Kwa kawaida mwokotaji mwaminifu hugawana na mwenye ardhi nusu kwa nusu. Chukua makadirio ya chini kabisa, gawa kwa mbili, kisha wagawie hao wawili: kila mmoja angeondoka na pauni 750,000 halali, akalala usingizi. Waliiba mali ambayo nusu ya thamani yake ingekuwa yao. Sijui upumbavu mwingine unaofikia huo, na nausema hivyo kwa sababu watu huwaita wezi wa namna hii wajanja, na vijana husikia.

Huo ni upande wa pesa, na ndio upande mdogo. Kati ya sarafu zile 300, takriban 30 tu ndizo zilizorudi. Katika hizo zimo zinazoonyesha watawala wawili wamekaa pamoja kama wafalme wa Roma: Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Pili wa Mercia. Kabla ya 2015 sarafu za namna hiyo zilikuwa adimu sana. Kumbukumbu za historia zilizoandikwa upande wa Alfred zilimdharau Ceolwulf, zikamfanya kibaraka wa Waviking, na kwa karne nyingi wanahistoria hawakuwa na shahidi mwingine wa uzito huo. Sarafu zinashuhudia tofauti: wawili hao walikuwa washirika, wakitumia mtindo mmoja wa fedha. Aliyeshinda ndiye aliyeandika, na mwenzake akafutwa. Kwa kawaida kila sarafu ilikuwa na jina la mfuaji wake, na alama za muhuri wake zingeweza kusaidia kuonyesha ushirika huo ulidumu lini na wapi. Karibu mia mbili na sabini ya mashahidi hao wametawanywa kwa watu wanaowaweka mifukoni na kwenye masefu, na hawawezi hata kuwaonyesha wageni wao bila kuogopa.

Mstaafu wa Watlington alipoona fedha ya kwanza kwenye udongo alichimba kidogo, akatambua alichokipata, akasimama. Alifukia shimo na kumpigia simu ofisa wa mpango wa kuandikisha vitu vilivyookotwa, mpango ulioanza 1997 na unaoratibiwa na British Museum. Ofisa alikuja, akakata bonge zima la udongo lenye hazina ndani yake, likapelekwa London kufunguliwa taratibu maabara. Kulikuwa na sarafu zipatazo 200, bangili na mikuo ya fedha, na kati ya sarafu hizo zilikuwemo 13 za wafalme wawili. Makumbusho ya Ashmolean ya Oxford yaliinunua hazina kwa pauni milioni 1.35, yakisaidiwa pia na michango ya wananchi wa kawaida. Mengi ya tunayoweza kuyasema leo kuhusu Ceolwulf kwa uhakika zaidi yanatokana na mtu mmoja aliyeweza kujizuia kuchimba.

Kabla ya kuwasha mashine

Mtafute mwenye shamba kabla hujaitafuta dhahabu. Bisha hodi mchana, jitambulishe, sema unatafuta nini, na muandikiane: kikipatikana kitu, kila mmoja atapata nini. Usiseme mtaelewana baadaye. Hazina ya Staffordshire, iliyookotwa Julai 2009, ilithaminiwa pauni milioni 3.285 na kugawanywa sawa kwa sawa kati ya mwokotaji na mkulima. Walikuwa marafiki. Mgawo ulikuwa wa haki, na bado urafiki ulikufa. Dhahabu ya kwanza kuonekana hubadilisha kumbukumbu za watu, kila mmoja akakumbuka makubaliano yanayompendelea. Karatasi haibadiliki.

Usiende usiku. Uingereza wako watu wanaoingia mashambani gizani, wakachimbua na kutoweka kabla ya alfajiri, na mkulima huamka akakuta mashimo kwenye ngano yake. Mtu anayehitaji giza ili afanye jambo ameshajijibu swali la kama jambo hilo ni halali. Wala usiingie kwenye magofu, makaburi ya kale na maeneo yaliyohifadhiwa, hata kama jua liko utosini na mlinzi ni shemeji yako.

Mashine ikilia

Hapa ndipo nataka tukae, maana ndipo watu wengi wazuri huharibika.

Tarehe 16 Novemba 1992, mkulima mmoja wa Hoxne, Suffolk, alikuwa amepoteza nyundo shambani. Alimwomba rafiki yake Eric Lawes, mzee mstaafu mwenye ditekta, amsaidie kuitafuta. Mashine ikalia. Lawes akatoa vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu na sarafu. Waliokota vitu vya kutosha kujaza mifuko, kisha mzee huyo akafanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya: aliacha kuchimba. Alitoa taarifa, na siku iliyofuata wanaakiolojia walikuwa shambani.

Kwa sababu aliacha kuchimba, tunajua vitu vile vilipangwa namna gani. Lilikuwa sanduku la mbao lenye visanduku vingine ndani yake. Mbao zilikuwa zimeoza, lakini bawaba na kufuli za fedha zilibaki mahali pake, na kwa kufuata mahali hapo wataalamu waliweza kulijenga upya sanduku lote michoroni. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwa nguo na majani makavu visikwaruzane. Mwenyewe alivificha kwa utulivu, akavifungia kwa mikono taratibu, akitumaini kurudi. Sarafu za mwisho ni za mwaka 407 au 408, wakati utawala wa Roma ulipokuwa ukiporomoka Uingereza. Hakurudi.

Bangili mojawapo ina jina la mwanamke, Juliana, na maneno ya kumtakia aivae kwa furaha. Kuna vichupa vinne vya fedha vya kuwekea pilipili manga, kimoja chao kimeumbwa kama bibi wa heshima, na chini yake kuna kisahani kinachozungushwa ili pilipili itoke kidogokidogo. Pilipili ile ililimwa India, ikavuka bahari yetu kwa pepo zilezile za kaskazi na kusi zilizoleta majahazi Lamu na Kilwa, ikapita Bahari ya Sham na Misri, hadi meza ya bibi mmoja katika kisiwa cha baridi. Habari hii yote imetoka katika shimo moja. Angekuwa mwizi angeuza dhahabu, akatupa vijiko vilivyovunjika, na zile bawaba ndogo za fedha asingeziona kabisa.

Lawes alilipwa pauni milioni 1.75, akagawana na rafiki yake mkulima bila kulazimishwa na yeyote. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum pamoja na hazina yenyewe.

Kwa hiyo mashine ikilia, chimba kwa kadiri ya kukitambua kitu hicho, basi. Ukiona cha pili karibu yake, simama. Usivute. Piga picha kikiwa bado ardhini, weka fimbo au kitu chochote cha kuonyesha ukubwa, andika mahali hasa, andika kina kwa kupima kwa mkono kama huna futi. Funika, kaa hapo au umwache mtu unayemwamini, piga simu. Usitangaze kijijini wala kwenye makundi ya simu. Shimo lililotangazwa litakuwa na wageni kabla ya magharibi.

Na usisafishe. Naomba usisafishe. Mwaka 1999, katika kilima cha Mittelberg karibu na Nebra, Ujerumani, wachimbaji wawili wasio na kibali waligonga kisahani cha shaba nyeusi chenye jua, mwezi na nyota za dhahabu. Chombo chao kilikitia jeraha ukingoni na kung'oa sehemu ya dhahabu. Siku ya pili walikwisha kukiuza kwa marki 31,000, na kikaanza kupita mkono hadi mkono, bei ikipanda kila kilipopita. Mwaka 2002 mwanaakiolojia Harald Meller alijifanya mnunuzi katika hoteli ya Basel, Uswisi, polisi wakiwa wamejipanga, na kisahani kikakamatwa. Wataalamu wengi wanakihesabu kuwa na umri wa miaka 3,600 hivi, nao wanakiona kuwa taswira ya mbingu ya kale kuliko zote zinazojulikana zenye kuonyesha nyota halisi.

Nimesema wataalamu wengi, sikusema wote. Mwaka 2020 wasomi wawili wa Ujerumani waliandika kwamba kisahani hicho ni cha karne nyingi baadaye, na kwamba hakukuwa na uhakika kilitoka kilima kile. Wengine wakawajibu kwa nguvu, wakiulinganisha udongo uliogandia shaba ile na udongo wa shimoni. Mabishano yote hayo yapo kwa sababu moja: siku kilipotoka ardhini, hakuna shahidi mwaminifu aliyekuwepo. Na kama kingesuguliwa hadi udongo wote uishe, hata huo wa kuwajibia usingekuwepo.

Sonara ana mizani tu

Wenzetu wengi wakiokota dhahabu ya kale, mtu wa kwanza kumwendea ni sonara. Sonara ni fundi wa heshima, lakini mizani yake hupima gramu. Ataweka dinari ya miaka 900 upande mmoja, mawe upande wa pili, atakutajia bei ya leo, na jioni dinari hiyo itakuwa hereni.

Pima hasara yake kwa mfano wa nyumbani. Mtambwe Mkuu ni kisiwa kidogo cha Pemba, upande wa Wete. Mwaka 1984 zilipatikana huko sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za dola ya Fatimiya. Zile za fedha zilifuliwa hapa pwani, na baadhi yake zina jina la mtawala Ali bin al-Hasan. Ni nyembamba, zimeandikwa pande zote mbili, jina la mtawala huku na maneno ya kumtegemea Mungu kule, na pande hizo mbili zinakutana kwa vina. Watu wa pwani waliweka vina vya shairi kwenye pesa zao.

Lakini sarafu hizo za fedha hazina mwaka. Ukizikuta peke yake utabaki kukisia, na wasomi walikisia kwa muda mrefu, wengi wao wakizileta mbele mno. Zile dinari chache za dhahabu ndizo zenye mwaka. Kwa kuwa zilikuwa zimelala pamoja na fedha, katika fungu moja, zilitoa ushahidi kwamba watawala wa pwani walikuwa wakifua sarafu zao wenyewe tangu karne ya 11. Historia ya miji yetu ilisogea nyuma kwa sababu dhahabu na fedha hazikutenganishwa. Sasa fikiria mtu mmoja angefika kwanza, akachukua zile dinari akazipeleka kwa sonara, akaacha za fedha kwa kuwa ni nyepesi na zina kutu. Gramu zisizofikia mia zingefanya pete mbili za harusi, na sisi tungebaki tukifundishwa kwamba pwani haikuwa na pesa yake mpaka baadaye sana.

Ndiyo maana sikubali hoja ya kwamba aliyeokota amekuwa mwenye mali. Kitu ulichokiona kwanza hakikujui wewe. Kilikuwa na mwenyewe aliyekificha, na kina majirani zake ardhini wanaokieleza. Ukikitoa kwao na kukinyamazia, umechukua kitu cha watu ambao hata hawajazaliwa.

Udhuru utakaojipa usiku

Utalala na kile kitu chini ya godoro na udhuru utakuja mmoja mmoja. Wa kwanza: makumbusho yatakiweka stoo, hakuna atakayekiona. Ni kweli, vitu vingi viko stoo. Lakini kilicho stoo kina namba, kina maandishi ya kilipotoka, na mwanafunzi wa miaka hamsini ijayo anaweza kuomba akakishika. Kilicho chini ya godoro lako kitauzwa na mtoto wako asiyejua ni nini.

Wa pili: maofisa watakiiba. Huu siucheki. Katika nchi zetu mtu ana sababu ya kuogopa, na kumwambia aamini tu ni kumdharau. Dawa yake ni mashahidi na maandishi. Nenda na mwenyekiti wa kijiji au mzee wa mtaa, nenda na mwalimu wa historia wa sekondari ya karibu, chukua picha zako, na usikabidhi kitu chochote bila risiti iliyosainiwa inayotaja kitu kimoja kimoja, uzito wake, na jina la aliyepokea. Baki na nakala. Ofisa mwaminifu atafurahi kukuandikia, na asiye mwaminifu ataona kwamba kitu hiki kina macho mengi.

Wa tatu: mimi ni maskini, na Mungu amenifungulia. Hapa ndipo naona Waingereza wametushinda kwa sheria tu, wala si kwa uadilifu wa damu. Kwao kamati huru hupanga bei ya soko, jumba la makumbusho linalotaka kitu hicho hulipa bei hiyo, na mwokotaji hupata chake. Mtu mwaminifu hapati hasara kwa uaminifu wake. Kwetu sheria inajua zaidi kukataza. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kuwa mali ya kale inayolindwa, na kuchimba bila leseni ni kosa. Kenya, sheria ya 2006 ya makumbusho na urithi imeweka mpaka wa mwaka 1895. Ni mipaka mizuri, na naiunga mkono. Lakini mkulima wa Songo Mnara anayegonga sufuria la kale kwa jembe lake anahitaji kujua zaidi ya adhabu. Anahitaji kujua kwamba akitembea hadi ofisini atarudi na kitu cha kumlipia ada mtoto, na kwamba kijiji chake kitatajwa kwenye kibao cha makumbusho. Serikali zetu zilipe. Zilipe hata kidogo, zilipe haraka, na zilipe mbele ya watu. Shilingi itakayotoka hapo itaokoa zaidi ya doria kumi.

Mali ya Mjerumani

Siwezi kumaliza bila kusema na wale wa bara. Kila wilaya ya Tanzania ina kijana aliyeuziwa ramani ya mali ya Mjerumani. Kuna masanduku, anaambiwa, yalifukiwa vita ilipokaribia, na alama yake ni jiwe, au mti, au kaburi. Anauza ng'ombe, anakodi ditekta kwa mchimbaji wa dhahabu, analipa mganga wa kumfunga nyoka anayelinda. Halafu wanakwenda usiku kuvunja kaburi la mtu.

Ukweli unaolisha hadithi hizo upo, na ni mzuri kuliko hadithi. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na bila njia ya kuletewa pesa kutoka kwao, walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli Tabora. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja kuna tembo, na nyuma yake mlima. Zilifuliwa zipatazo 16,000 tu, na leo wakusanyaji hulipa pesa nyingi kuzipata, ndiyo maana za bandia zimejaa sokoni. Kama babu yako aliachiwa moja, itunze na uandike aliipata vipi: mshahara wa upagazi, biashara ya ng'ombe, au zawadi. Sarafu ya Tabora yenye habari ya mpagazi mmoja aliyeipokea ni kitu ambacho makumbusho yetu yanakihitaji kuliko sanduku zima lisilo na habari.

Lakini anayekuuzia ramani angekuwa anajua sanduku liliko angekwenda mwenyewe. Na makaburi, yawe ya Wajerumani, ya askari, ya wapagazi au ya masharifu, hayaguswi. Hapa sina nafasi ya mazungumzo.

Kama tayari kimo kabatini

Pengine umesoma yote haya huku ukijua kuna kitu kwenye kopo la chai juu ya kabati, umekiokota zamani, na siku 14 zimepita mara nyingi. Hujachelewa kiasi cha kukata tamaa.

Mwaka 1944 askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa akihudumu katika kituo cha rada kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Ufukweni aliokota sarafu chache akaziweka kwenye kopo. Zilikaa humo hadi 1979, alipozipeleka zitambuliwe. Tano kati yake zilitoka Kilwa. Shaba ya masultani wetu ilikuwa imelala mchangani maelfu ya kilomita ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika fukwe ambazo hakuna aliyewahi kuzihusisha na Waswahili. Kilichoziokoa zisiwe kioja kisicho na maana ni kwamba Isenberg alikumbuka mahali, na aliweka alama ya X kwenye ramani. Mwaka 2013 msafara wa watafiti ulikwenda huko ukiifuata alama hiyo. Sarafu zenyewe ziko kwenye makumbusho ya Sydney, na swali la nani alizifikisha huko bado linawafanya watu wapande mashua.

Kwa hiyo chukua karatasi leo. Andika ulikiokota wapi: shamba la nani, karibu na mti gani, upande upi wa njia, kilikuwa kina gani, kulikuwa na nini kingine pembeni yake, mwaka gani, mvua au kiangazi. Usichokumbuka, acha wazi, usibuni. Chora ramani hata kama mkono wako haujui kuchora, na uweke X yako. Ikunje pamoja na kitu hicho, mchukue mzee wa mtaa na mwalimu wa historia, muende mchana.